Rangi ya Sauti ya Ok-hui

Saa mbili asubuhi.

Chumba cha nyuma cha duka la supu, Busan. Komeo limetiwa. Watu wanne, meza moja, bakuli tatu.

Bosi Gu aliweka simu yake katikati ya meza, kioo kikitazama juu. Ndani yake mlikuwa na programu inayosikiliza sauti ya mtu na kupima inavyotetemeka. Ukisema kweli, kioo buluu. Ukidanganya, chekundu. Hata ukimpigia bosi simu, ilikusikiliza vilevile.

"Nyumba ya mkandarasi Bae," alisema. "Ghorofa ya kumi na nne. Yeye na ukoo wake wameenda kijijini kufyeka makaburi ya wazee wao. Dhahabu imo ndani ya friji ya kimchi, kabichi yao ya kuchachusha, ile yenye kufuli. Ok-hui anafungua, anashuka kwanza na vifaa vyake. Mimi na Dong-pal tunapakia vipande vya dhahabu kwenye maboksi ya mapea. Sikukuu hii ya mavuno, nani atamshangaa mtu mwenye boksi la zawadi? Man-ho anasubiri chini na gari. Kuna swali?"

Hakuna aliyeuliza. Tangu simu ile ianze kukaa mezani, watu walikuwa wamejifunza kumeza maneno.

Man-ho, dereva, alikumbuka kelele za zamani. Dong-pal alikuwa akiisifu supu hata ikiwa maji matupu, ili bibi mwenye duka afurahi. Ok-hui alimwambia kila mtu kuwa amenawiri. Vijineno vya kupozana moyo. Kisha Cheon, mwenzao wa tano, akakamatwa kwenye ghala la bandarini. Askari walikuwa wamemtangulia ndani. "Kuna mtu kamchoma kwa polisi," Bosi Gu alisema. Kesho yake akaja na programu ile. Supu haikusifiwa tena.

Asubuhi hiyo sufuria la bibi lilibakiwa na bakuli tatu tu. Ok-hui alimtazama Man-ho, aliyeendesha gari kutoka Daegu tangu alfajiri bila kutia kitu mdomoni. Akamsukumia bakuli lake, kimyakimya, bosi akiwa bado anahangaika na simu.

Bosi Gu alipoinua kichwa akaona Ok-hui hana kitu mbele yake. "Ok-hui, umekula?"

"Nimekula, bosi."

Kioo kikawa chekundu.

Kijiko cha Dong-pal kilisimama hewani.

"Rudia."

"Nimekula nyumbani. Nimeshiba kabisa."

Chekundu.

Nani hujibu swali hilo kwa ukweli? Huko Busan mtoto hufundishwa mapema: mkubwa akikuuliza kama umekula, sema umekula, asije akajisumbua kwa ajili yako. Man-ho alijua. Dong-pal alijua. Bosi Gu mwenyewe alilelewa hivyohivyo. Lakini alikuwa anatazama kioo.

"Mtu anadanganya juu ya supu," alisema polepole. "Juu ya Cheon atashindwa? Ulimchoma wewe?"

"Mimi? Sikumchoma, bosi! Naapa!"

Sauti yake ilipanda, ikapasuka kwa woga. Kioo kikawaka kama pilipili.

Kisha Bosi Gu akacheka. "Basi, basi. Hata mashine huamka vibaya. Yameisha, mdogo wangu." Akaiokota simu. Lakini Man-ho aliona mwanga ukipenya katikati ya vidole vyake. Ulikuwa mwekundu: safari hii sauti iliyopimwa ilikuwa ya bosi mwenyewe.

Saa tatu.

Uani, karibu na mapipa, bosi alimvuta Man-ho kando.

"Mzigo ukishaingia, nyoosha mpaka majabali ya Gadeok, juu ya bahari. Ok-hui harudi kwao leo."

"Bosi, bakuli lake alinipa mimi. Ndiyo maana akasema—"

"Nimekuuliza?" Simu ilikuwa mkononi. "Uko upande wangu, Man-ho?"

"Niko, bosi."

Bosi aliangalia kioo kwa muda mrefu mno. Akakitia mfukoni bila kusema rangi. "Twende."

Saa nne.

Maegesho ya chini ya jengo. Familia zilipita zimevaa vizuri, zimebeba zawadi. Watatu walipanda na lifti, maboksi matupu mikononi. Man-ho alibaki kwenye usukani.

Miaka kumi na mitano alikuwa amemwendeshea Gu. Akimgeuka, hatalala Busan tena. Asipomgeuka, atamsafirisha mwanamke hadi ukingo wa jabali. Na si mwanamke yeyote. Man-ho alipokuwa gerezani, mama yake akiugua, Ok-hui ndiye aliyekaa hospitali kumsugua miguu. Mama alipouliza mwanawe yuko wapi, Ok-hui alimjibu: yuko melini, anafanya kazi nzuri, anakula vizuri. Mama akafa ametulia. Simu ile ingesema nini siku hiyo?

Saa nne na nusu.

Lifti ilifunguka. Ok-hui, peke yake, begi begani. Akaingia kiti cha mbele.

"Kufuli limefunguka kama mdomo wa mlevi," alisema. "Wanakuja kwa ngazi, wamelemewa; hawataki kubanana na watu kwenye lifti. Mbona umesawajika hivyo, kaka?"

"Funga mkanda."

"Na wao?"

"Funga mkanda, dada. Bosi amepanga kukutupa baharini."

Ok-hui alivuta mkanda, akaufunga. Man-ho alitia gea. Kwenye kioo cha pembeni aliona mlango wa ngazi ukisukumwa, Bosi Gu akitokeza na boksi kifuani, mdomo wazi.

Gari lilikuwa limeshaingia barabarani simu ilipoita. Man-ho akapokea, akaiweka sauti ya wazi.

"Uko wapi?"

"Naenda, bosi. Sirudi."

"Kumbe." Bosi alikuwa anahema. "Kumbe ndiye wewe uliyemchoma Cheon."

"Sikumchoma Cheon. Wala Ok-hui hakumchoma. Sijakusaliti hata siku moja, bosi, mpaka asubuhi hii."

Magari yalipita. Ok-hui alikuwa amejishika midomo.

Halafu sauti ya Dong-pal kwa mbali: "Bosi! Imetoa rangi gani?"

"Buluu," alisema Bosi Gu, kwa sauti ndogo ambayo Man-ho hakuwahi kuisikia kwake.

Kisha simuni ikasikika karatasi ngumu ya boksi ikichanika. Kipande cha dhahabu kikaanguka kwenye saruji, kingine kikafuata, na kingine. Mtoto akapiga kelele kwa furaha: "Mama, njoo uone! Mapea ya huyu mzee yanang'aa!"

Mlinzi wa maegesho akapuliza filimbi.