King'ora Kilichonyamaza Nyambureti

Kila siku baada ya kengele ya mwisho, Nyangi hakwenda nyumbani moja kwa moja kama wenzake. Alipitia kwenye ghala la wakulima la Nyambureti, akafungua kufuli kwa ufunguo aliouvaa shingoni, akafagia vumbi na mavi ya panya, kisha akaitazama taa ya kijani. Ikiwa inawaka, alifunga mlango akaenda zake kuchota maji. Kazi yenyewe ilikuwa hiyo tu, lakini ufunguo ule ulimpa kichwa. Darasa la saba zima lilijua ni nani aliyeaminiwa na Mwalimu, na kama kuna ambaye hakujua, Nyangi alimjulisha.

Taa hiyo ilikuwa ya kompyuta ndogo, ya kutosha kushikwa kiganjani, iliyolinda mashamba yaliyopakana na hifadhi. Nyaya nyembamba zilifungwa kwenye nguzo pembeni mwa mahindi. Tembo akipita zinakatika, na king'ora kilichofungwa juu ya paa la ghala kinalia mpaka watu watoke na madebe na tochi. Programu ya kazi hiyo waliiandika wanafunzi wenyewe katika klabu ya kompyuta, wakiongozwa na Mwalimu Scholastica. Haikuwa ndefu. Iliiambia kompyuta itazame nyaya. Zikiwa zimekatika, ipige king'ora. Zikiwa nzima, isubiri dakika moja, kisha itazame tena.

Waliiandika kwa Tamka, lugha ya kompyuta ambayo maneno yake ni ya Kiswahili. Tamka haiuzwi wala haina bosi. Inaundwa na watu wanaojitolea, na yeyote anaweza kusoma jinsi ilivyotengenezwa. Akiona hitilafu anairipoti kwenye ukurasa wao, na akiwa na ujuzi anairekebisha mwenyewe.

Tangu king'ora kifungwe, wanaume waliacha kukesha kwenye madungu wakilinda mahindi. Walilala vitandani kwao na wake zao na watoto wao, wakiamini kwamba kitu kile juu ya paa hakisinzii.

Jumamosi moja, mahindi yakiwa yamekauka tayari kuvunwa, wasichana wa darasa la saba walitafuta mahali pa kufanyia mazoezi ya kucheza kwa ajili ya mahafali. Nyangi, kwa kiherehere chake, alisema ghala lipo na ufunguo anao. Rafiki yake Waisiko alikuja na spika ya baba yake, Mzee Nyangwine, kubwa mpaka ikabidi waibebe wawili.

"Tata amesema tusiipasue," Waisiko alisema huku akicheka. "Eti ikipasuka, sisi ndio tutamwimbia mpaka azeeke."

Ndani ya ghala soketi ilikuwa moja tu, na imeshikwa na plagi ya kompyuta. Mwalimu Scholastica alikuwa amewakataza kuigusa hata iweje. Nyangi aliwaambia wenzake wavue viatu nje wasichafue sakafu. Walipokuwa wanahangaika na viatu, aliichomoa plagi ya kompyuta haraka, akachomeka spika. Muziki ukalia, wenzake wakadhani spika inatumia betri yake, wakacheza mpaka wakatota jasho. Walipoondoka, alibaki nyuma, akarudisha plagi mahali pake. Taa ya kijani ikawaka, naye akashusha pumzi. Spika wakaiacha pale pale kwa ajili ya mazoezi ya Jumatatu.

Usiku ule tembo waliingia mashambani, na king'ora hakikulia.

Mzee Nyangwine aliamka alfajiri kama kawaida yake, akatwaa fimbo na kwenda kuangalia mahindi yake. Hakuwa na wasiwasi. Kama kungekuwa na hatari, king'ora kingesema. Kulikuwa na ukungu, na alipogundua kwamba vile vivuli katikati ya shamba si vya miti, walikuwa wameshamwona. Majirani walimrudisha nyumbani juu ya mlango wa mbao, amefunikwa blanketi. Nyangi alikuwa njiani kwenda kisimani alipomsikia Waisiko akilia, "Tata! Tata!" Ndoo ilimponyoka, naye hakuiokota.

Baada ya mazishi, Mwalimu Scholastica aliwaita wanaklabu wote ghalani. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Taa inawaka, lakini programu imelala," alisema. "Kuna aliyegusa chochote humu?"

Walitikisa vichwa. Akamgeukia mwenye ufunguo. "Nyangi?"

"Hapana, Mwalimu."

Jibu lilitoka upesi, kabla hajalifikiria, na lilipokwisha kutoka hakujua namna ya kulirudisha. Alijiambia taa iliwaka, kwa hiyo hakuharibu kitu. Alijiambia hivyo mchana, akajiambia tena kitandani, na usingizi haukuja.

Nyaya zilipokwisha kuunganishwa, Mwalimu aliizima kompyuta kwa taratibu zake na kuiwasha upya. Alipokata waya wa majaribio uliokuwa nyuma ya ghala, king'ora kililia bila shida. Kwa nini basi hakikulia siku ile? Aliandika ripoti kwenye ukurasa wa hitilafu wa Tamka, akaeleza yote aliyoyajua. Baada ya siku kadhaa akapigiwa simu na Okello, fundi wa kompyuta wa Tarime mjini, mmoja wa wale wanaojitolea kuitengeneza lugha hiyo.

"Mwalimu, programu yenu nimeiendesha hapa kwangu, na haijalala hata mara moja," Okello alisema. "Kuna kitu kilitokea kabla. Umeme ulikatika? Kuna mtu aliichomoa? Hitilafu nikishindwa kuifanya itokee tena, siwezi kujua ilipo, na nisipojua ilipo siwezi kuirekebisha."

"Nimewauliza watoto. Wanasema hakuna aliyeigusa."

"Basi itabidi tuifunge ripoti kwa sasa. Mkikumbuka jambo lolote, hata dogo, mniambie."

Nyangi alikuwa palepale darasani akifuta ubao, na simu ilikuwa imewekwa sauti ya nje. Maneno yalimfika yote, akaendelea kufuta ubao ambao ulikuwa umeshakuwa safi.

Waisiko alirudi shuleni amenyolewa nywele kwa msiba, akakaa kwenye dawati lao lile lile. Hakumlaumu mtu. Alimwazima Nyangi rula, akamgawia kiazi chake wakati wa mapumziko, na kila wema wake ulimchoma Nyangi kuliko kofi. Angalau angenitukana, Nyangi aliwaza, ningejua pa kujificha.

Wanaume walikuwa wamerudi kwenye madungu, lakini baridi na uchovu viliwashinda mmoja mmoja. Jioni moja baba yake Nyangi alivuta kigoda, akanawa mikono mbele ya ugali.

"Leo nalala nyumbani," alimwambia mama. "Mwalimu ameshaiwasha upya ile kompyuta. Imejaribiwa mbele yetu, inalia vizuri."

"Na kama italala tena?" Nyangi aliuliza.

Baba alimtazama kwa mshangao. "Wewe si ndiye unayeiangalia kila siku? Umeona taa imezimika?"

"Inawaka, baba."

"Basi kula."

Akilini alimwona baba yake naye akienda shambani alfajiri na fimbo yake, akiamini.

Kesho yake baada ya masomo alijifungia ghalani. Alifanya kama alivyofanya ile Jumamosi. Akachomoa plagi, akachomeka spika, akangoja, kisha akairudisha plagi ya kompyuta. Taa ya kijani ikawaka kana kwamba hakuna lililotokea. Alitoka nje, akakata waya wa majaribio, akasikiliza. Alisikia kuku wa jirani, na pikipiki ikipita mbali barabarani. Alisimama pale muda mrefu akitamani king'ora kile kimpasue masikio, lakini juu ya paa kulikuwa kimya. Akakaa chini kwenye vumbi na kulia.

Alipomaliza kulia hakwenda kuchota maji. Alikwenda nyumbani kwa Mwalimu Scholastica, akamkuta anapepeta mchele.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Kuna nini? Mbona umejaa vumbi hivyo?"

"Mwalimu, mimi ndiye niliyeichomoa. Siku ile ya mazoezi. Uliponiuliza nilikudanganya. Na leo nimeichomoa tena, na king'ora hakilii."

Ungo ulitua chini. Mwalimu hakupiga kelele wala hakuinua mkono. Alimtazama tu, na Nyangi angependa achapwe kuliko kutazamwa vile. Kisha Mwalimu akaingia ndani, akatoka na kompyuta yake.

"Sema tena, tangu mwanzo. Ulianza na nini, kikafuata nini. Usiruke kitu na usijitetee."

Nyangi alieleza, na Mwalimu akaandika kila hatua. Walipofika mwisho, Nyangi aliuliza kwa sauti ndogo, "Na pale niliposema uongo, utaandika pia?"

"Hapo hapamhusu Okello," Mwalimu alijibu. "Hapo panamhusu mama yake Waisiko."

Jioni ile ile Mwalimu alikwenda kuiwasha upya kompyuta ya ghalani. Jibu la Okello halikuchelewa. "Nimeipata!" alisema kwenye simu kwa furaha. "Nimechomoa kama mlivyoeleza, ikalala hapo hapo. Kosa si la programu yenu, Mwalimu, ni la Tamka yenyewe. Kompyuta yenu ikikosa umeme ghafla, saa yake inavurugika. Ikiwaka inajiona iko miaka mingi mbele. Mkiiambia isubiri dakika moja, Tamka haihesabu dakika, bali inatazama kalenda. Basi inapanga kuamka katika tarehe hiyo ya mbali. Baadaye mtandao unairudishia saa sahihi, lakini yenyewe inaendelea kusubiri miaka hiyo yote. Taa inawaka kwa sababu umeme upo. Aliyewapa maelezo haya ametusaidia sana!"

"Okello," Mwalimu alisema taratibu, "mtu amefariki huku."

"Poleni," Okello alisema, na sauti yake ilikuwa nyingine kabisa. "Poleni sana, Mwalimu. Sikujua. Naanza kuirekebisha sasa hivi."

Alirekebisha neno la Tamka linaloiambia kompyuta isubiri, ili lihesabu dakika zinazopita bila kutazama kalenda. Wenzake wa Tamka walilikagua, wakalijaribu kwenye kompyuta za aina mbalimbali, kisha wakalitoa kwa watu wote. Mwalimu aliiweka Tamka mpya kwenye kompyuta ya ghalani, akawaita wazazi, na mbele yao akamwambia Nyangi achomoe plagi kwa mkono wake mwenyewe na kuirudisha. Waya wa majaribio ulipokatwa, king'ora kililia mpaka mbuzi wakakimbia.

"Nami nina kosa langu," Mwalimu aliwaambia wazazi. "Niliwafundisha watoto kwamba taa ya kijani ikiwaka kila kitu ni salama. Taa ile ilituonyesha umeme tu. Kuanzia leo, waya wa majaribio utakatwa kila jioni."

Ilibaki kazi moja, na hiyo hakuna fundi wa kuifanya. Nyangi na Mwalimu waliibeba ile spika kutoka ghalani mpaka nyumbani kwa marehemu. Jua lilikuwa linaelekea kuzama. Mama yake Waisiko alikuwa ameketi barazani, na Waisiko alikuwa anapukuchua mahindi yale machache yaliyopona.

Nyangi alipiga magoti, akaamkia, akasema yote. Hakuacha kitu. Waisiko aliacha kupukuchua. Mama yake aliitazama spika kana kwamba mumewe angetokea wakati wowote kuidai.

Kabla hajasema neno, king'ora kililia kutoka ghalani. Safari hii halikuwa jaribio. Tembo walikuwa wamegusa nyaya za upande wa mto. Milango ilifunguka huku na huku, madebe yakapigwa, wanaume wakaitana, na kelele zile zikawasukuma tembo polepole kurudi porini. King'ora kilipozimwa, mama yake Waisiko alikuwa amejifunika uso kwa kanga.

"Kingelia hivi," alisema. "Kingelia hivi siku ile, angekuwa hapa."

Alijifuta machozi, akamtazama Nyangi. "Mwanangu, siwezi kukuambia nimekusamehe, maana bado sijakusamehe. Usinihimize. Kuchomoa ulichomoa kwa utoto, na mashine yenyewe ilikuwa na ubovu wake ambao hukuujua. Lakini ulipoulizwa ukakana, na siku zote hizo waume za watu walikuwa wanalala wakitegemea kitu kibovu. Angeweza kufa mwingine. Angeweza kufa baba yako. Ukiharibu kitu tena maishani mwako, sema siku hiyo hiyo, hata kama unatetemeka. Fundi hawezi kutengeneza alichofichwa, na sisi tuliobaki hatuwezi kujikinga na tusilolijua. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, mama."

"Inuka basi. Hiyo spika isilale nje, itapigwa na umande."

Nyangi aliishika kwa upande mmoja, lakini ilikuwa nzito, haikuinuka. Waisiko alikaa kidogo akiitazama mikono yake iliyojaa vumbi la mahindi. Kisha akasimama, akashika upande wa pili, wakaiingiza ndani.