Kiti Chenye Ufa

Msimu ule wa joto jua lilikuwa halina adabu. Viti vya plastiki vililainika mpaka vikawa vinawang'ang'ania watu kama mtoto anayemkataza mama yake kwenda kazini. Na mji nao ulikuwa umeshikwa na wazimu wa tamasha. Mchana kutwa vikaragosi vya watoto, alasiri michezo ya kuigiza, jioni bendi uwanjani, sinema ikimulikwa kwenye ukuta wa ghala, na wapuliza tarumbeta katika kila bustani yenye kivuli. Mtu alitoka kununua chumvi akarudi ameangalia sarakasi, na chumvi kaisahau.

Ilikuwa hapo bustanini, tarumbeta zikilia, umati umebanana, ndipo msichana mmoja aliyevaa gauni la samawati na hereni kubwa kama bangili aliposimama kupiga makofi. Kiti nacho kikasimama. Akageuka kukitazama, kikageuka naye.

"Dada," sauti ya kiume ikasema nyuma yake, "unaondoka na kiti cha mjomba wangu."

"Mwambie mjomba wako kiti chake ndicho kinachoondoka na mimi."

Kijana akapiga magoti, akatoa bisibisi mfukoni. Kiti kilikuwa na ufa mahali pa kukalia. Ukikaa unafunguka, ukiinuka unajifunga, na kilichomo kimenaswa.

"Kaka, ukilirarua gauni hili utalivaa wewe."

"Rangi hainifai. Tulia."

Akalinasua bila kuharibu hata uzi. Kisha akabandika mkanda mwekundu mguuni mwa kiti ili akijue siku nyingine.

"Kwa nini hukitupi?"

"Mjomba hataki. Anasema kiti hakifi, huwa kinaumwa tu."

Msichana akacheka mpaka hereni zikacheza, akavuta kiti kingine, akakipigapiga mahali pa kukaa jirani yake. "Na wewe kaa basi, upumzike."

"Mimi sikai," kijana akasema. "Nikikaa mimi, nani atawapanga hawa?"

Laiti angeyaweka maneno hayo akilini. Lakini mtu akishapendeza machoni, masikio huchukua likizo.

Kijana alikuwa akimfanyia kazi mjomba wake wa kukodisha viti na maturubai, na mji mzima ulimwita Mwenyekiti, ingawa hapakuwa na binadamu aliyekaa kidogo kuliko yeye. Wanasema hata chakula alikila akitembea, na usingizi aliulala ameegemea lori. Msichana alikuwa msusi. Vidole vyake vilikuwa vyepesi hivi kwamba wateja walisinzia wakaota wakaamka wamependeza. Saluni ikifungwa alikwenda kuigiza na kikundi cha michezo ya jukwaani. Wakapendana.

Kupendana ndiko kulikoanzisha kero. Walikwenda sinema ya ukutani. Kabla jina la mchezaji wa kwanza halijapita, Mwenyekiti alimpa mjamzito mmoja kiti chake. Baadaye akaja mzee mwenye magongo.

"Mpenzi," akamnong'oneza msusi, "hebu inuka kidogo."

"Kidogo kiasi gani?"

"Mpaka sinema iishe."

Walikwenda sarakasini. Mtu alipokuwa juu kabisa ya kamba, simu ikalia. Mlio aliomwekea mjomba ulikuwa wa tarumbeta, na yule wa kambani nusura aanguke.

"Laazizi, nakuja sasa hivi."

"Sasa hivi ya leo au ya kesho?"

"Ya leo. Niwekee kiti."

Akamwekea. Alikiwekea mkoba, kisha mtandio, kisha mguu. Watu wakamtazama vibaya. Sarakasi ikaisha, ngamia wakapita kwenda kulala, na kiti bado kitupu.

"Shoga," akamwambia msusi mwenzake kesho yake, "mimi nimepata mchumba au nimepata mlinzi wa viti?"

Kisha kikundi kikampa nafasi kubwa katika mchezo wa msimu ule, ukumbi wa wazi nyuma ya maktaba, kila siku saa kumi na moja jioni, Jumamosi mara mbili. Aliigiza binti anayeposwa na daktari tajiri. Daktari aliigizwa na bwana mmoja waliyemwita Meno, kwa sababu akitabasamu hata waliokaa nyuma walijikinga macho. Sehemu ya kwanza iliishia hapo: Meno anapiga goti, binti ananyoosha kidole kwa madaha, pete inaingia, taa zinazimwa, watu wanakwenda kunywa maji.

Mwenyekiti alikuja kila siku. Alisimama nyuma, mikono kifuani, akatazama mpaka pete inaingia. Halafu akaondoka. Vikaragosi vya watoto viliisha saa hiyo hiyo, na viti vyake vilitakiwa kupakiwa kwenye lori vipelekwe kwa bendi. Kwa hiyo, kwa muda wa mwezi mzima, alimwona mpenzi wake akivishwa pete na mwanamume mwingine, akicheka kwa furaha. Sehemu ya pili hakuiona hata siku moja. Wala hakuuliza. Mwenye wivu haulizi, anajijibu mwenyewe.

Siku moja akaibuka saluni, kijasho kinamtiririka. Msusi alikuwa katikati ya kichwa cha mama mmoja mnene.

"Yule Meno wako anajua kupiga goti."

"Analipwa kupiga goti."

"Na wewe unavyocheka je? Nako ni kazi?"

Msusi akaliachia fundo la nywele. "Wewe umeuona mchezo wote?"

"Nimeona vya kutosha."

"Umeona nusu."

"Nusu ya sumu inatosha kuua."

Mama mnene akakohoa. "Binti, mwambie tu kinachotokea mwishoni, unisuke niende."

"Simwambii." Msusi akakiweka kitana chini. "Yale maneno ya mwisho nimeyakariri hapa nikiwa nimeshika nywele za watu. Kila siku nikiyasema natafuta uso mmoja kule nyuma, naona lori linatoka. Siwezi kumsimulia mtu maneno hayo kama matokeo ya mpira. Aje akae."

"Nina kazi."

"Na mimi nina safari. Kikundi kinakwenda kuzunguka miji ya mbali miezi mitano. Mwongozaji anataka jibu Jumapili, siku ya mchezo wa mwisho. Ukiondoka mapumzikoni Jumapili hiyo, na mimi nitaondoka, na usinipigie simu."

Mwenyekiti akaenda kwa mjomba kuomba ruhusa. Mjomba alikuwa mtu mfupi mwenye sauti ndefu.

"Kukaa?" mjomba akauliza. "Kukaa kwa nini? Sisi ni watu wa kukalisha."

Jumapili ikafika. Kuhusu idadi ya watu kuna ubishi: wengine wanasema mia nne, wengine elfu. Lakini kila niliyekutana naye mjini anaapa alikuwepo, kwa hiyo sidhani kama walipungua laki. Mwenyekiti alikuja na shati jeupe lililopigwa pasi mpaka likasimama lenyewe, na suruali mpya ya kijivu. Mstari wa mbele akakuta kiti kimefunikwa mtandio wa samawati anaoujua. Akajua ni chake. Akakaa. Hakuuona mkanda mwekundu mguuni, na mtandio uliteleza kando taratibu kama uliotumwa.

Pete ikaingia kidoleni. Taa zikazimwa. Watu wakaenda kunywa maji. Yeye akabaki, mikono magotini, akitoka jasho la mtu anayesubiri kung'olewa jino. Nje lori limepaki na viti alivyovipakia mbio mbio, kwa kuwa siku hiyo vikaragosi viliisha mapema, na kule uwanjani bendi inavisubiri.

Sehemu ya pili ikaanza. Msusi akaingia amevaa gauni jeupe la bibi harusi, akamwona pale mbele, akasahau neno moja. Hakuna aliyegundua isipokuwa Meno.

Ndipo tarumbeta ikalia mfukoni.

Mazoea ni ugonjwa. Kabla hajafikiri, Mwenyekiti alikwishainuka, amejikunja kama mtu apitaye chini ya kamba ya nguo, ananyatia kuelekea kando. Kiti nacho kikainuka. Kikamfuata hatua moja, mbili, miguu yake ikitazama nyuma kwa watu kama ng'ombe anayesukumwa zizini. Ukumbi mzima ukacheka. Akageuka, na kiti kikagonga magoti ya waliokaa jirani.

Msusi hakucheka. Alikuwa amesimama ukingoni mwa jukwaa, mikono imelegea, na usoni hapakuwa na hasira. Hasira Mwenyekiti angeimudu. Palikuwa na uchovu wa mtu aliyeweka mkoba, akaweka mtandio, akaweka mguu, na kiti bado kitupu.

Mwenyekiti akaitazama suruali yake mpya. Akivuta kwa nguvu itachanika, na yeye atakuwa huru. Simu inalia. Akarudi mahali pake, akakaa, akaipokea. Sauti ya mjomba haikuhitaji kipaza sauti.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba ya nini? Viti viko wapi?"

"Kwenye lori."

"Na wewe uko wapi?"

"Nimekaa."

Hata wapenzi wa nyuma wakaacha kunong'ona.

"Umekaa? Wewe? Unaumwa?"

"Naangalia mchezo, mjomba. Mpaka mwisho."

"Watu wamesimama huku!"

"Waache wasimame kidogo. Mimi nimesimama maisha yangu yote."

Akaizima simu, akaitia mfukoni, akaweka mikono magotini.

Mchezo ukaendelea. Meno akaja na goti lake na meno yake yote. Binti akaivua pete taratibu, akamrudishia kiganjani. "Bwana Daktari," akasema, "pete yako inang'aa, lakini nikiivaa mkono unakuwa si wangu. Kuna mtu mwingine. Hana maneno. Nimemngoja mlangoni mpaka mlango umenichoka, na bado namngoja yeye."

"Kumbe unamkataa," Mwenyekiti akasema. Alidhani amesema moyoni.

Binti wa mchezo akatoweka, akabaki msusi, mikono kiunoni. "Kila siku namkataa," akasema. "Jumamosi namkataa mara mbili. Wewe hupo."

Nyuma ya pazia mwongozaji akashika kichwa. Kutoka mstari wa tatu mke wa Meno akapaza sauti, "Pokea pete yako, baba watoto, twende nyumbani," na Meno akanong'ona, "Malizia, dada, magoti yananiuma." Akamalizia. Watu walipiga makofi mpaka njiwa wa maktaba wakahama mtaa.

Ukumbi ulipomwagika, Mwenyekiti alikuwa bado amekaa. Hakuwa na namna. Msusi akashuka, pindo la gauni jeupe limekunjwa mkononi, bisibisi katika mkono wa pili.

"Ulikichagua makusudi."

"Nilikitafuta lori zima asubuhi."

"Ninasue."

"Sema kwanza."

"Nataka kukuoa. Sijui kupiga goti, na hata ningejua, naona halitashuka."

Msusi akachuchumaa, akaanza kuufungua ufa. "Nilimjibu mwongozaji kabla hujaingia," akasema. "Nilimwambia ndiyo. Sikuamini kama utakaa."

"Miezi mitano?"

"Mitano. Siwezi kuwaangusha wenzangu. Na nataka kwenda, nisikudanganye."

Kitambaa kikatoka, kimekunjamana lakini kizima. Mwenyekiti alikuwa huru kuinuka. Hakuinuka.

"Halafu urudi?"

"Halafu nirudi, unioe. Sasa ni zamu yako kuweka kiti."

Akakiweka. Miezi mitano simu yake ililia kila jioni kutoka mji mwingine, na aliipokea amekaa. Mjomba alinuna wiki nzima, kwa sababu uwanjani watu wasio na viti waliishia kucheza, wakacheza mpaka nyasi zikaisha, na bendi ikasema viti haivitaki tena. Akatafuta pa kuvipeleka, akakosa, akalainika.

Siku ya ndoa msusi aliingia ukumbini na wapambe wake, nywele zimesukwa na mwenzake wa saluni, na akakuta nafasi ya bwana harusi iko tupu. Watu wakatazamana. Kutoka nyuma kabisa kukasikika mlio anaoujua, plastiki juu ya plastiki. Bwana harusi, suti nyeusi, ua kifuani, alikuwa anawaongezea wageni mstari.

"Mwenyekiti," akaita, wala hakupaza sauti.

"Naam, mpenzi. Nakuja sasa hivi."

Msusi akainama, akakiangalia kiti cha bwana harusi mguuni, akaona mkanda mwekundu. Akakipigapiga mahali pa kukaa.

"Kaa," akasema.