Muswada Bado Si Sheria

Kinyozi na mkewe walifanya kazi chini ya paa moja. Mbele, mume alinyoa. Nyuma ya pazia, mke alishona. Kwa sababu ya kelele za cherehani walizungumza kwa sauti ya juu kutwa nzima. Mgeni angedhani wanagombana, kumbe wanapendana.

Mke alikuwa na kisukari. Kila asubuhi na jioni alijidunga sindano ya insulini. Dawa aliipata kituo cha afya kwa kadi ya bima ya taifa.

Siku moja mteja alisema, povu likiwa bado kidevuni, "Mmesikia? Sheria ya bima imefutwa. Kadi zenu sasa ni za kuchokolea meno."

Kinyozi akasimamisha wembe. "Umesikia wapi?"

"Redioni. Wabunge wanaifuta."

Nyuma ya pazia, cherehani ilinyamaza.

Tangu hapo mke alianza kuibana dawa. Asubuhi alijidunga, jioni akaacha. Alijiambia, "Haba na haba hujaza kibaba." Kibaba hakikujaa. Akapata kiu isiyokatika, na macho yakaona ukungu. Jumamosi moja alianguka juu ya gauni la mteja.

Kinyozi alimkimbiza kituo cha afya. Muuguzi wa zamu alikuwa jirani yao wa mlango wa pili. Alimpima sukari, akamwita daktari, wakamtundikia dripu. Alipopata nafuu, muuguzi alimuuliza, "Dada, sindano za jioni zimekwenda wapi?"

"Nimeziweka akiba. Si bima imefutwa?"

"Nani kasema?"

Mke akamtazama mumewe. Mume akatazama dari.

Muuguzi akavuta kiti. "Sikilizeni, jirani zangu. Kilichopo bungeni ni muswada. Muswada ni pendekezo tu. Wapo wabunge wanaotaka kuifuta sheria ya bima na kuleta nyingine baadaye. Lakini muswada husomwa, hujadiliwa, hupigiwa kura, kisha rais hutia saini. Mpaka hapo sheria ya zamani inafanya kazi, na kadi yako pia. Na dawa, dada, usiipunguze kabla ya kutuuliza. Umeona mwenyewe."

"Na wakiupitisha?" mume aliuliza. "Mwenye nguvu mpishe."

"Msiwapishe kabla hamjasema. Kamati ya bunge inapokea maoni ya wananchi. Wiki ijayo watakuwa ukumbi wa manispaa. Yeyote anaruhusiwa kuzungumza."

Kinyozi alisema atazungumza yeye, maana maneno ndiyo kazi yake. Siku ilipofika, alipewa kipaza sauti mbele ya wabunge.

"Waheshimiwa," alisema. "Waheshimiwa," akarudia. Hakuna kilichofuata.

Mkewe akainuka. Alikichukua kipaza sauti taratibu, kama anayempokea mzigo.

"Waheshimiwa, mimi ni fundi cherehani, na nina kisukari. Sheria hii imechakaa, najua. Foleni ni ndefu, na dawa nyingine hazipatikani. Kutaka mpya si kosa. Lakini mteja akija nimshonee nguo mpya, simvui ya zamani kabla sijamaliza. Nikimvua, atarudije nyumbani?"

Ukumbi ulicheka. Yeye hakucheka. Alingoja watulie.

"Ninyi mnataka kufuta kwanza, mshone baadaye. Insulini yangu haijui baadaye. Tuonyesheni nguo mpya, tuipime. Na sisi tulio wagonjwa tayari, msitukate tukabaki vipande sakafuni."

Hapo hakuna aliyecheka. Mwenyekiti wa kamati alimwomba arudie ili yaandikwe vizuri. Akarudia, sauti yake ikiwa imara.

Mjadala ulichukua miezi. Wananchi wengi, katika miji mingine, nao walisema. Mwishowe muswada ulibadilishwa. Sheria ya zamani ingeendelea mpaka siku ile sheria mpya itakapoanza kazi, na hakuna ambaye angenyimwa bima kwa sababu ya ugonjwa alio nao. Bunge likaupitisha. Rais akatia saini. Sasa ukawa sheria kweli.

Mke anajidunga asubuhi na jioni, na sukari yake imetulia. Wateja wageni wakiingia, humtazama kinyozi kwanza, kisha pazia.

"Wewe ndiye mume wa yule fundi aliyewaambia wabunge?"

"Ndiye mimi," hujibu kinyozi, kifua mbele. "Kaa vizuri nikunyoe."