Libérat Yuko Kazini

Siku za masomo Amandine alishinda chuoni mjini Uvira, akijifunza ulinzi wa kompyuta. Siku za kazi alishuka bandari ya Kalundu, kwenye kampuni ya kusafirisha mizigo ziwani, kwa maana chuo na kampuni vilikubaliana kumfundisha pamoja. Kila asubuhi alianza kwa kufungua skrini na kutazama ni wafanyakazi gani wameingia katika mfumo wa mizigo.

Asubuhi hiyo alitazama tena na tena. Taa ndogo ya kijani iliwaka kando ya jina la Libérat.

Libérat, karani wa mizigo, walikuwa wamemzika wiki iliyopita!

Amandine aligeuka polepole. Kiti cha marehemu kilikuwa pale pale, koti lake limetundikwa juu yake, kompyuta yake imezimwa. Mkubwa wao, Mama Apollinarie, alikuwa ameagiza kitu chochote cha marehemu, hata jina lake katika mfumo, kisiguswe mpaka matanga yaanuliwe, na wote walikubali. Upepo wa ziwa ukapita dirishani, mkono wa koti ukatikisika.

"Yaya Jeancy," alimnong'oneza mwenzake wa meza ya pili, aliyemheshimu kama ndugu mkubwa, "njoo uone."

Jeancy alichungulia, akafanya ishara ya msalaba. "Weye, zima hiyo kitu! Marehemu iko namaliza kazi yake. Muache!"

Mara maandishi ya orodha ya mizigo yakaanza kubadilika mbele ya macho yao. Magunia ya unga ya Mama Generose, muuzaji wa kijiji cha Makobola, yalikuwa depo, ghalani mwa kampuni, yakimngoja. Mtaji wake wote ulikuwa humo. Jina lake likafutika herufi moja moja, na mahali pake likaandikwa jina la mtu wasiyemjua. Sasa huyo angeweza kuja kuyachukua.

 Hata jana Amandine aliiona taa ile, akajidanganya kuwa ni macho yake tu. Akisema, si watamrudisha chuoni kama mtoto mwoga? Lakini mwalimu wake alizoea kuwaambia kuwa jina kwenye skrini si mtu, ni mlango, na kazi yao ni kuuliza nani ameshika ufunguo. Akajikaza, akatafuta. Mlango ulikuwa umefunguliwa kwa simu ya Libérat mwenyewe.

Alikimbilia ofisi ya mkubwa wake.

"Mama, kuna mtu anaingia kwa jina la Libérat na kubadilisha mizigo. Jana pia niliona, nikanyamaza kwa woga. Nisamehe. Naomba ruhusa nilifunge."

Mama Apollinarie alishtuka. "Matanga bado, mwanangu! Mjane wake nitamwambia nini?"

"Tumuulize, Mama."

Walimpigia Inamahoro, mjane wa Libérat. 

"Simu yake ilipotea siku ya maziko," alisema. "Nikiipigia inaita, inaita, kisha mtu anapokea. Nasikia anapumua tu. Fungeni, jamani! Mume wangu hakuwa mwizi."

Amandine akalifunga jina. Taa ya kijani ikazimika. Kisha akarudisha jina la Mama Generose.

Haikupita saa moja, mwanamume mmoja akafika depo kudai magunia kwa jina lile geni. Wapakizi, waliokwisha kuonywa na ofisi, walimzuia. Simu ya Libérat, isiyo na nenosiri, ilikuwa mfukoni mwake. Kumbe alikuwa jirani wa marehemu, mmoja wa waliobeba jeneza!

Polisi walipomchukua, Mama Apollinarie alimwita Amandine. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Nilidhani namheshimu Libérat," alisema. "Kumbe nililiacha jina lake wazi, mwizi akalivaa. Weye ulikosea kunyamaza jana, mwanangu, na mimi nilikosea wiki nzima. Ukiona jambo la kutisha kazini, liseme siku hiyo hiyo, hata wakucheke. Mwizi anategemea woga wetu." Akamsogezea simu. "Sasa mpigie Inamahoro. Mwambie mume wake amepumzika."