Sadaka za Mke wa Mzee Suwitra

Ndugu zangu, nawasimulia aibu ya ua mmoja hapa kwetu, na sijitoi, maana nami nimo.

Kila asubuhi wanawake sita tulikaa barazani kwa Gede Arsana tukisuka sadaka za majani ya mnazi, huku tukimtania mama yake kwa uimbaji wake mbovu. Gede aliziuza mtandaoni, kisiwa kizima cha Bali. Dada yake, kabla hajaolewa mbali, aliongeza kisanduku kwenye kurasa za duka: mteja anajaza siku ya ibada, na siku hiyo inatoka kwenye karatasi ya oda. Tulisuka kwa kufuata siku hizo. Ibada ikishapita, sadaka ni majani tu.

Siku moja waliotengeneza muundo wa kurasa hizo walitoa toleo jipya, pamoja na tangazo refu: mlivyoongeza wenyewe huenda visifanye kazi, jaribuni kwanza kwenye nakala. Gede hakulisoma. Alisubiri Jumamosi ya kubariki vyuma, tunapoweka sadaka juu ya visu, pikipiki, na siku hizi kompyuta.

"Baba Rumini, lile tangazo umelisoma?" mkewe, Luh Sukerti, alimuuliza.

"Mama Rumini, leo siku ya vyuma. Leo hata kisu butu kinakata."

"Basi mpigie dada yako."

"Nimpigie anicheke? Duka la nani?"

Gede akainyunyizia kompyuta maji matakatifu, akabonyeza kuweka toleo jipya. Kurasa zikapendeza kweli. Tukapiga makofi, wajinga sisi.

Kisanduku kilibaki palepale na wateja waliendelea kukijaza, ila walichojaza hakikutufikia tena. Karatasi zikawa zinatoka bila siku.

"Asiyeandika siku hana haraka," Gede alituambia. "Wekeni chini ya rundo, walioagiza zamani kwanza."

Hakuna aliyeuliza mbona wateja wote wameacha haraka kwa pamoja. Oda ya Mzee Suwitra wa kule milimani niliiweka chini mimi, kwa mkono huu.

Wiki tatu baadaye mzee alikuja mwenyewe. Mkewe alikuwa kaburini miaka minne, akingoja kuchomwa pamoja na wafu wengine wa kijiji ili roho yake iende. Kuhani alipanga siku. Sadaka hazikufika, wafu wa wenzake wakachomwa, wa kwake akabaki.

"Siku niliijaza," alisema. "Mjukuu aliniandikia, nikaisoma mara mbili."

"Haikutufikia, mzee wangu," Gede alijibu. "Ni hii kompyuta."

"Si uliibariki?" mama yake Gede akamkatiza.

Gede aliinama. "Tutakusukia upya, mzee. Bure kabisa."

"Za lini, mwanangu? Zamu ya kijiji ni baada ya miaka mitano. Mimi nina themanini na moja."

Hakupandisha sauti. Aliomba aone zilipofikia sadaka zake, nikamwonyesha fungu la majani ambalo hatukuwa tumeligusa. Aliyashika kidogo, akayarudisha. Nilitamani anitukane.

Gede alimpigia dada yake siku ileile. Dada hakumcheka. Alikirekebisha kisanduku kabla maji ya chai hayajachemka.

Mzee Suwitra alifariki mwaka uliofuata, akazikwa kando ya mkewe. Wateja walitukimbia; pale barazani tumebaki wasukaji wawili, na mama yake Gede haimbi tena.

FUNZO

Toleo jipya likija, soma tangazo lake lote. Lijaribu kwenye nakala, ujifanye mteja, uagize, uone kama ulichojaza kinafika upande wa pili. Muulize aliyekutengenezea, hata kama atakucheka. Kubariki mashine ni vizuri, lakini huko si kuikagua. Nawe unayepokea karatasi yenye pengo, uliza. Mimi sikuuliza, na kule milimani mume na mke bado wanangoja.