Mashine ya Akina Mama Uani kwa Chandu

Benedikta alikuwa amelala kifudifudi pembeni ya mashine ya kukamua ufuta, kisogo kimepasuka, mkono mmoja bado umeng'ang'ania mguu wa mashine. Damu ilishakauka sakafuni. Ni uani, nyuma ya duka la Chandu, Kariakoo. Nje watu walikuwa wanapatana bei za ndoo na masufuria, hawana habari.

Inspekta Uwesu alichuchumaa. Spana kubwa yenye damu ilikuwa imetupwa ukutani. Lakini alichokitazama kwa muda mrefu ni kijilima cha unga karibu na kichwa cha marehemu, kilele chake kimechongoka vizuri.

"Unga umemwagika, afande," alisema Koplo Amira.

"Unga uliomwagika haufanyi kilele. Piga picha kabla mtu hajaukanyaga."

Chandu, mwenye duka, alikuwa ameketi kwenye stuli. Ndiye aliyeuona mwili alipofungua asubuhi.

"Unamfahamu?"

"Simfahamu. Alikuja jana jioni, akaiona mashine, akaikumbatia. Akasema ni ya kikundi chao cha akina mama huko Masasi, wamepewa na serikali. Akanionyesha bamba lililokunjika siku walipoishusha kwenye gari."

"Kweli ni yao?"

"Ni yangu, afande. Mimi naikodisha tu. Marcelino, afisa wa mradi, huichukua kwa sherehe za makabidhiano. Wanapiga picha, wanacheza ngoma. Baadaye anairudisha."

"Mashine hii hii?"

"Hii hii. Kila kijiji."

Amira alisonya. Basi huko ndiko kuwainua wanyonge: serikali inatoa fedha akina mama wajiajiri, na mashine moja inazungushwa vijijini kama gauni la harusi la kukodi.

"Kwa nini alilala hapa?"

"Aligoma kuondoka. Alisema habanduki mpaka ipakiwe. Nikachoka, nikafunga duka, nikamwachia ua. Mlango wa uchochoroni una komeo kwa ndani. Nilimwambia asimfungulie mtu."

Komeo lilikuwa zima. Benedikta alifungua mwenyewe, kwa mtu anayemwamini.

"Marcelino?" aliuliza Amira saa moja baadaye, Uwesu alipomaliza kupiga simu zake.

"Yuko semina Dodoma tangu juzi, wenzetu wa kule wameshamkamata. Na hakuua yeye." Uwesu aliusugua ule unga kati ya vidole. "Huu ni mtama. Mimi Mmakua, Amira. Kwetu ukitaka kusema na wafu, unamimina unga wa mtama polepole, kwa vidole. Kilele kikisimama, wamekupokea. Kikibomoka, wamekukataa. Aliyemuua ni wa kwetu. Amemuua, kisha akamwomba radhi."

Simu ya marehemu ilikuwa ndani ya mkoba wake. Namba ya mwisho aliyopiga ilikuwa ya Swaumu, katibu wa kikundi.

Walimkuta Mchikichini, kwenye kibanda kipana cha mitumba, anatundika magauni. Aliposikia habari za msiba alilia sana. Uwesu alimwacha alie, kisha akampeleka kituoni.

"Unafanya nini Dar?"

"Nafuatilia mashine yetu, afande. Ilichukuliwa kwa matengenezo."

"Huku ukiuza mitumba?"

"Mtu si lazima ale?"

"Jana Benedikta alikupigia."

"Alinisalimia tu."

"Ukamfuata uani."

"Huo uani wenyewe sijui hata uko wapi."

Uwesu alisogeza kiti karibu na kushusha sauti, karibu ya upole. "Unga wako umebomoka, Swaumu."

"Unga gani?"

"Tulipofika ulikuwa umetapakaa, kama umepigwa teke. Hajakupokea. Atakufuata popote."

Picha ya kile kilele, kimesimama imara, ilikuwa ndani ya simu ya Amira, pale pale mezani. Amira alitazama pembeni.

"Muongo," Swaumu alisema. "Mimi niliuacha umesimama."

Ndipo Swaumu aliposikia alichokisema, akajifunika uso kwa kanga.

"Kwa nini?" Uwesu aliuliza.

"Marcelino alinipa mtaji wa kibanda, ili niwaambie wenzangu kwamba mashine iko kwa fundi. Wakaniamini. Kila nikienda nyumbani wananiombea dua, wanasema Swaumu anahangaika kwa ajili yetu." Alifuta pua. "Jana Benedikta akapiga simu, anacheka kwa furaha. 'Mdogo wangu, nimeipata. Njoo tuilinde mpaka asubuhi.' Nikampelekea chai na chapati. Alikula. Akasema Chandu amemwambia habari za Marcelino, kwa hiyo kesho tukamshtaki pamoja. Pamoja, afande. Alikuwa hajanishuku hata chembe."

"Na ukaona heri afe."

"Niliona ni yeye au mimi. Alinipa mgongo anaifuta mashine vumbi kwa kanga yake. Spana ilikuwa karibu." Alinyanyua macho. "Kweli umebomoka?"

"Kweli," alijibu Uwesu, akaondoka.

Alasiri alipiga simu ofisi ya mradi kuuliza kama akina mama wale watapewa mashine nyingine. Sauti ya kiungwana ilimjibu kwamba kikundi hicho kimeshanufaika, picha za makabidhiano zipo, na mtu hanufaiki mara mbili. Ile ya uani ni mali ya Chandu, na kwa sasa ni kielelezo cha kesi. Uwesu aliitukana simu baada ya kukata, tusi zito la kwao.

Hapo simu ya marehemu ikaita juu ya meza. Akapokea.

"Dada Benedikta, mbona kimya?" Ilikuwa sauti ya mwanamke, nyuma yake kelele za wengi. "Mmeshapakia? Kibanda cha mashine tumemaliza kukiezeka, tuko wote hapa, nimeweka sauti kubwa."

"Si Benedikta," alisema. "Ni polisi, Dar es Salaam. Simu yake iko kwangu, na mashine iko mikononi mwetu."

Kabla hajaendelea, Masasi nzima ililipuka kwa vigelegele. Walidhani serikali imewapatia haki yao. Mmoja alianza wimbo, wengine wakaitikia, mtoto akalia kwa kushtuka, na mtu fulani alisikika akiuliza kama Benedikta atarudi na gari lile lile la mzigo.

Uwesu alishika simu, akangoja vigelegele viishe.