Kikombe cha Mgeni

Kila alfajiri, kabla ya kengele ya shule, Zamda alifuatana na mama yake, Mashavu, hadi kwenye tuta la mchanga nyuma ya mashamba ya mpunga. Huko, kwenye shimo dogo, walichota maji matamu kwa kata, kidogo kidogo, mpaka ndoo ikajaa. Wakirudi, waliipita pampu ya buluu iliyosimama bandarini Mbuchi. Hakuna aliyeigusa.

Pampu ile ililetwa na kampuni ya sabuni ya Tabasamu. Mabango yake yalibandikwa hadi Kibiti: "Nunua Tabasamu, uwachimbie watoto kisima." Hata akina mama wa Mbuchi waliacha sabuni nyingine wakanunua hiyo. Mafundi walikuja siku za maji mafu, bahari ikiwa mbali. Wakachimba bandarini, boti inapofika kwa urahisi na picha zinapopendeza. Akina mama waliwaonya kwamba bamvua likija, bahari ikijaa kupita kiasi, chumvi hupanda hadi pale. Hawakusikilizwa. Bamvua lilikuja, na kisima kikaharibika moja kwa moja.

Sasa kampuni ilirudi kurekodi tangazo la redio. Zamda, msomaji hodari wa darasa la sita, alipewa karatasi ya kusoma: "Asante Tabasamu! Leo tunakunywa maji matamu." Akisoma, shule nzima itapata madaftari.

"Soma tu, we Zamda!" Kibwana, jirani yake wa dawati, alimhimiza. "Au unataka tuandike kwenye majani ya mgomba?"

"Wewe utayanywa hayo maji?"

"Nani kasema kunywa? Nimesema soma!"

Nyumbani Zamda alimweleza mama yake. Mashavu alikuwa akipepeta mchele. Akatua ungo.

"Ukisoma hivyo, watu wataamini tumeshapata maji. Nani atarudi kutuchimbia?"

"Na nisiposoma, mama, wenzangu watakosa madaftari."

Mashavu aliuchukua tena ungo, akaendelea kupepeta.

Siku ya pili wanafunzi walikusanyika bandarini. Bwana Zefania, ofisa wa kampuni kutoka Dar es Salaam, alishuka kwenye boti akijifuta jasho, kinasa sauti begani. Zamda aliitazama karatasi, kisha akamtazama mgeni. Kwao, mgeni hupewa maji kwanza, maneno baadaye. Akachukua kikombe, akasukuma pampu, akakijaza. Akampelekea kwa mikono miwili.

"Karibu maji, baba."

Bwana Zefania alipiga funda moja kubwa. Akayatema mchangani.

"Mbona chumvi hivi?"

"Ndiyo maji ya kisima chenu, baba. Nikisema redioni ni matamu, na wewe umeshayaonja, tutakuwa waongo wawili."

Watoto walicheka, kisha wakanyamaza walipomwona Mwalimu Consolatha akisogea. Zamda alidhani atagombezwa. Mwalimu alisimama kando yake.

"Ofisini tulionyeshwa picha," Bwana Zefania alisema taratibu. "Maji yalikuwa yanatoka."

"Kutoka yanatoka," mwalimu alijibu. "Kunyweka ndiyo shida."

Mgeni alifunga kinasa sauti chake bila kurekodi neno. Akaomba aonyeshwe wanakochota akina mama, naye Mashavu akamwongoza hadi kwenye tuta.

Baada ya miezi miwili mafundi walirudi. Safari hii waliwauliza akina mama kwanza, wakaihamishia pampu tutani. Bamvua likaja, likapita, na maji yakabaki matamu.

"Madaftari je?" Kibwana alinung'unika, huku akimalizia kikombe cha pili.

Mwalimu Consolatha alitabasamu. "Tutayatafuta kwa njia nyingine. Sikilizeni, wanangu. Kampuni kutangaza wema wake si kosa. Kosa ni kuwauzia watu wema ambao haujafika. Mama aliyenunua sabuni ile kule Kibiti alitaka wewe unywe maji, Kibwana. Hakununua picha ya pampu. Zamda angesoma ile karatasi, angemdanganya mama huyo, na sisi tungebaki na kiu yetu."

Kibwana alikitazama kikombe chake kitupu. Kisha akashika mpini wa pampu.

"Lete ndoo yako, Zamda," alisema. "Leo nakujazia mimi."